Picha ya Picha

Mwaka jana mjomba wangu alituma picha kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Mwanamke amesimama uchi katikati ya ua, ngozi yake nyeupe, na mwanamume mwenye joho na kilemba amemtia vidole mdomoni akikagua meno, vile mnunuzi anavyokagua mbuzi pale Kiamaiko. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, imefifia kingoni kama zile za kina babu. Chini yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwamba hilo ni soko la watumwa, Zanzibar.

Shangazi mmoja akaandika, "Jamani, kuna watoto humu." Binamu akamjibu kwamba hiyo ni historia, acha watoto wajionee. Watu wakaanza kulaani, wengine wakaweka vikatuni vya machozi. Hakuna aliyeuliza ni nani alikuwa na kamera uani siku hiyo. Hata mimi, ninayependa kujiita mtu wa sanaa, niliitazama dakika nzima nikiamini.

Kumbe hakukuwa na kamera. Huo ni mchoro wa rangi za mafuta wa Mfaransa Jean-Léon Gérôme, uliochorwa mwaka 1866, na leo unakaa katika jumba la sanaa la Clark, Williamstown, Marekani. Zanzibar haihusiki. Gérôme alikuwa amezuru Misri, lakini michoro yake aliijenga studioni Paris, kwa kutumia watu wa kulipwa waliokaa kuchorwa na vifaa alivyokusanya safarini. Na mchoro wenyewe una rangi. Kilichofika kwenye simu zetu kilikuwa kivuli chake, na hicho kivuli ndicho kilitupata. Kama ungekuja na rangi zake na ule mng'ao wa mafuta, nadhani hata shangazi angesema, "Si hii ni ya kuchora?"

Ndiyo maana nimekuwa nikisoma kuhusu kitu ambacho kwa juu juu kinaonekana cha kuchosha kabisa: jinsi watu wa karne ya 19 walivyopiga picha michoro ya wachoraji na kuziuza. Nilianza nikitafuta jibu la kumpa mjomba. Nikapata zaidi ya hapo.

Tuanze na lugha. Kiswahili chetu kina neno moja, picha, kwa kitu kilichochorwa na kitu kilichopigwa kwa kamera. Ukienda sinema, hiyo pia ni picha. Tukitaka kutenganisha tunaweza, na hapa nitafanya hivyo: mchoro ni wa brashi, picha ni ya kamera. Lakini mdomoni neno ni moja. Zamani nilidhani huo ni uvivu. Sasa naona kwamba katikati ya karne ya 19, kule Ulaya, kulikuwa na biashara kubwa iliyokula na kunywa kwa kuufuta huo mpaka.

Kabla ya kamera, mtu wa Berlin aliyetaka kuona mchoro ulioko Paris alikuwa na njia mbili: asafiri, au anunue chapa. Chapa ilitengenezwa na fundi aliyechonga sahani ya shaba, mstari baada ya mstari, huku akiufuata mchoro. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Luigi Calamatta, Mwitaliano, alianza kumshughulikia Mona Lisa miaka ya 1820 akaitoa chapa yake mwaka 1857. Hebu fikiria, karibu miaka 30 juu ya uso mmoja! Lakini kila aliyeinunua alijua anachonunua. Alikuwa ananunua Mona Lisa kama Calamatta alivyomwona, na jina la fundi liliandikwa pale chini pamoja na la mchoraji.

Kamera ilikuja na ahadi tamu: huyo mtu wa katikati hatahitajika tena. Jua litafanya kazi yenyewe, na jua halina maoni.

Ahadi hiyo haikutimia, na sababu ni ya kikemia. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni, ambapo kioo hupakwa kemikali na kupigwa picha kikiwa bado kibichi. Ilitoa picha kali, zenye maelezo madogo madogo ya kushangaza. Tatizo ni kwamba kemikali hiyo iliona samawati na urujuani vizuri sana, na nyekundu na manjano karibu haikuziona kabisa. Kwa hiyo joho la samawati la Bikira Maria lilitoka jeupe kama shuka, na vazi jekundu kando yake likatoka jeusi ti. Michoro ya kale, ambayo vanishi yake ilikuwa imegeuka manjano kwa miaka na mikaka, ilitoka kama chumba stima zikipotea. Mwanga nao ulikuwa shida. Mwaka 1858, kule Hampton Court karibu na London, michoro mikubwa ya Raphael ilibidi ibebwe nje kwenye jua ndipo Charles Thurston Thompson aweze kuipiga.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Gustave Le Gray, mmoja wa wapiga picha stadi kabisa wa Ufaransa. Katikati ya miaka ya 1850 alitoa picha ya Mona Lisa. Ukiitazama unamwona, mikono imekaa vile, tabasamu lile lile. Lakini Le Gray hakuelekeza kamera kwa Leonardo. Alielekeza kwa mchoro wa mkono wa Aimé Millet, aliyekuwa amemnakili Mona Lisa kwanza. Yaani mtu anachora, mtu mwingine anachora kilichochorwa, wa tatu anapiga picha ya huyo wa pili, na mnunuzi anaenda nyumbani akiamini amembeba wa kwanza.

Hata pale kamera ilipoelekezwa kwa mchoro halisi, fundi alikaa na kile kioo baadaye akikiguza kwa brashi, akipunguza weusi hapa, akirudisha nuru ya jicho pale. Mkono wa binadamu ulikuwa bado upo kazini. Tofauti ni kwamba jina lake halikuandikwa tena chini. Hapo ndipo naona mabadiliko makubwa, kuliko kwenye kemia yenyewe: nakala iliacha kusema imetoka kwa nani.

Mambo yaliboreka, na haraka. Picha za mwanzo zilizochapwa kwenye karatasi ya ute wa yai zilikuwa zikififia na kugeuka manjano, lakini katika miaka ya 1860 Adolphe Braun, aliyeanza maisha kama mbunifu wa vitambaa vya maua kule Alsace, alichukua njia mpya ya kaboni ambayo haikufifia. Alipeleka kamera hadi kwenye kanisa la Sistine, Vatikani, akapiga dari la Michelangelo. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, Mjerumani, aligundua kwamba kuongeza rangi fulani ndani ya kemikali kunaifanya ianze kuona manjano na kijani. Mwaka 1883 kampuni ya Braun ilitia sahihi mkataba wa miaka 30 na Louvre. Jumba kubwa la sanaa Ufaransa likawa na mpiga picha rasmi.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na nakala. Sijawahi kufika Louvre, na kwa bei ya tiketi ya ndege sioni nikifika hivi karibuni. Kila ninachojua kuhusu michoro ya Ulaya kimenifikia kupitia kioo cha simu iliyopasuka kona. Mtu akiniambia kwamba usipokuwa umesimama mbele ya mchoro wenyewe hujauona, namsikia kama mtu mwenye pasipoti nzuri. Mwaka 1858, miaka miwili baada ya mchoraji Paul Delaroche kufariki, picha za kazi zake zilizopigwa na Robert Jefferson Bingham zilitolewa pamoja katika kitabu kimoja. Michoro iliyotawanyika kwenye kuta za matajiri ikakaa pamoja, ukurasa baada ya ukurasa, mtu akaweza kulinganisha ya ujana na ya uzee. Hicho ni kitu cha maana. Historia ya sanaa kama somo ingekuwa ngumu sana bila hicho.

Aliyechapisha kitabu hicho alikuwa Goupil. Hapa ndipo hadithi inarudi kwa mjomba wangu.

Adolphe Goupil alikuwa mfanyabiashara wa chapa na michoro Paris, na nyumba yake ilifungua matawi London, New York, Berlin, Brussels na The Hague. Aliona mapema kwamba mchoro mmoja unauzwa mara moja, lakini haki ya kuunakili inauzwa kila siku. Akaanza kununua haki hizo. Mwaka 1869 kampuni ikafungua karakana ya picha huko Asnières, nje ya Paris. Mchoro ule ule uliuzwa kwa saizi tofauti: kubwa ya kuweka kwenye fremu sebuleni, ya wastani ya albamu, hadi ile ndogo kama kadi, ya kutia mfukoni. Kila mfuko ulipata saizi yake. Ukiona leo kitu kimoja kinauzwa kama bango, stika na kava ya simu, usidhani ni akili ya jana.

Na haki hizo zilikuwa na vita vyake. Mwaka 1863 Ernest Gambart, mfanyabiashara wa chapa London, alimpeleka mahakamani mpiga picha aliyekuwa akiuza nakala ndogo za chapa zake, zilizotokana na michoro ya William Holman Hunt na Rosa Bonheur. Mshtakiwa alijitetea kwamba sheria ya chapa haikuhusu kamera. Akashindwa. Mtu yeyote aliyewahi kununua filamu ya magendo River Road ataitambua hiyo kesi bila wakili.

Gérôme, yule wa mchoro wetu, alimwoa Marie, binti ya Goupil, mwaka 1863. Sisemi alioa kwa ajili ya biashara. Nasema tu kwamba mchoraji na mchapishaji wake walikula meza moja. Mwaka 1867, Émile Zola, aliyekuwa bado kijana mkosoaji mwenye ulimi mkali, aliandika kwamba Gérôme anafanya kazi kwa ajili ya duka la Goupil: anatengeneza mchoro ili upigwe picha na kuuzwa kwa maelfu. Kwa Zola, kazi kama hiyo mada ndiyo kila kitu, uchoraji si kitu, na nakala ina thamani kuliko ule wa asili.

Zola alikuwa mkali, lakini jaribu mwenyewe. Tafuta kwenye simu mchoro wowote wa Eugène Delacroix, kisha utoe rangi. Utapoteza nusu ya kilichokuwa kinatokea, kwa sababu kwa Delacroix kitendo kinafanywa na rangi yenyewe, na alama za brashi zinakukumbusha kila saa kwamba hapa kuna mtu anachora. Sasa fanya hivyo kwa Gérôme. Hupotezi karibu chochote. Uso wa mchoro wake ni laini kama kioo, brashi imefutwa, kila kigae na kila mkunjo wa nguo umekaa mahali pake. Ukiutoa rangi unapata faida: dalili ya mwisho kwamba huu ni mchoro inaondoka. Kinachobaki kinafanana na ushahidi.

Hilo ndilo shtaka langu kwa mtindo huu, na si la ubora wa kazi. Gérôme alijua kuchora. Lakini alichora kwa namna ambayo kamera ingeweza kumalizia uongo.

Tena kamera ilikuwepo tangu mwanzo. Safari yake ya Misri ya mwaka 1856 alikwenda na Auguste Bartholdi, yule ambaye baadaye alitengeneza Sanamu ya Uhuru ya New York, na Bartholdi alikuwa na kamera. Baadaye, karibu mwaka 1879, Gérôme alichora mcheza nyoka: mvulana uchi amejizungushia chatu, wanaume wamekaa wakitazama, na nyuma yao ukuta wa vigae vya samawati. Vigae hivyo vimetokana na vile vya jumba la Topkapi, Istanbul, na Gérôme alifanya kazi akisaidiwa na picha za studio ya Abdullah Frères ya jiji hilo. Lakini mvulana na nyoka ni vya kwingine, vimechomekwa tu. Kwa hiyo picha ya kweli ya ukuta wa kweli inaingia kwenye mchoro, inabeba mgongoni kitu ambacho hakikutokea mbele ya ukuta huo, halafu mchoro unapigwa picha na kuuzwa. Ukiangalia ukuta, uko sawasawa. Basi unaamini na vingine vyote. Mwaka 1978 mchoro huo uliwekwa kwenye jalada la kitabu cha Edward Said kuhusu jinsi Ulaya ilivyojitungia Mashariki yake, na sidhani kuna jalada lililofanya kazi yake vizuri kuliko hilo.

Mtu atasema, bana, hayo ni mambo ya Wafaransa wa zamani. Sawa. Mwaka 2019 chama cha AfD cha Ujerumani kilichukua mchoro ule wa soko la watumwa kikautia kwenye mabango ya kampeni Berlin, kuwatisha wapiga kura kuhusu Waislamu. Jumba la Clark lililalamika na kuomba mabango yaondolewe, lakini haki za mchoro zilishakwisha muda, kwa hiyo hawakuwa na sheria ya kushika. Goupil alitaka mchoro uende kila mahali, na kila mahali umeenda, hadi kwenye nguzo za taa za Berlin na grupu ya familia yetu. Safari zote mbili umeenda kama ushahidi.

Kwetu kosa lina uchungu wa aina yake. Soko la Zanzibar lilikuwepo. Lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, na leo pamesimama kanisa kuu la Kianglikana. Wengi waliouzwa pale walikuwa watu weusi waliotolewa bara, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa hadi pwani. Katika picha ya mjomba hao hawapo katikati. Katikati kuna mwanamke mweupe aliyekodiwa Paris, amesimama mahali pao, na sisi tunamlilia yeye. Hiyo ndiyo gharama ya nakala isiyojitambulisha: si kwamba tulidanganywa kuhusu Mfaransa, ni kwamba machozi yetu yalikosa anwani.

Nimalizie na kijana mwingine wa Goupil, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani hadithi ni moja. Mwaka 1869, tawi la The Hague liliajiri mvulana wa miaka 16. Ami yake alikuwa mshirika katika kampuni, unajua hizo kazi za kuitiwa na jamaa. Mvulana aliuza chapa na picha za michoro The Hague, kisha London, kisha Paris, hadi alipotolewa mwaka 1876. Jina lake Vincent van Gogh.

Miaka mingi baadaye, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Van Gogh alirudi kwenye nakala hizo. Ndani ya miezi michache ya 1889 na 1890 alichora zaidi ya michoro 20 kutokana na kazi za Jean-François Millet, huku mbele yake akiwa na chapa na picha zisizo na rangi. Januari 1890 alichukua picha ambayo ndugu yake Theo alimtumia: baba amepiga goti bustanini amenyoosha mikono, mama anamshika mtoto anayejaribu hatua zake za kwanza. Aliigawa picha kwa mistari ya miraba, akaihamishia kwenye turubai, akaanza kutia rangi. Rangi alizitoa kichwani mwake. Kwa Theo na mke wake siku hizo mtoto wa kwanza alikuwa njiani, na alizaliwa mwisho wa mwezi huo.

Van Gogh alikuwa ameshika karatasi ya aina ile ile iliyofika kwenye simu yangu: picha isiyo na rangi ya mchoro wa mtu mwingine. Aliijua biashara hiyo kutoka nyuma ya kaunta. Na hakujifanya kwamba ana Millet mkononi. Aliona kinachokosekana, akajaza kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi nene ambazo huwezi kuzikosea ukadhani ni kamera. Jina la kazi likabaki wazi kwamba imetoka kwa Millet. Ni nakala, na inakwambia hivyo kutoka ukutani.

Niliandika kwenye grupu. Nikaeleza kuhusu Gérôme, Paris, mwaka 1866, nikaweka na mchoro wenye rangi. Shangazi akanipa dole gumba, bila shaka kwa sababu nilikata sehemu ya chini. Mjomba alikaa kimya hadi usiku, kisha akaandika: "Sawa kijana, lakini si ilikuwa hivyo tu?"

Nimelifikiria hilo swali kwa miezi. Hapana, mjomba. Haikuwa hivyo. Ilikuwa mbaya kwa namna nyingine, kwa watu wengine, na wengi wao hakuna aliyewachora.